Urudiwe Mara Moja

“Shemeji, tupishe bwana. Kuna dharura ya moto huko huko kwenu Moa,” alisema karani wa shamba la mkonge, na hapo ndipo subira yangu ilipokatika.

Nilikuwa nimempakata binti yangu kwa mkono wa kushoto. Umri wake mwaka mmoja na miezi minne. Kila akivuta pumzi mbavu zilikuwa zikiingia ndani, na midomo imeanza kubadilika rangi. Mkono wa kulia nimeshika chombo cha kusemea cha simu ya upepo ya zahanati. Karibu saa nzima nilikuwa nikisema maneno yale yale, na karibu saa nzima hakuna aliyeyasikia. Sasa mtu ananiambia niipishe dharura. Dharura ni mimi!

Nikabonyeza kitufe mpaka kucha ikauma.

“Nyamazeni! Nyote, nyamazeni! Moa hakuna moto! Moa kuna mtoto!”

Wakanyamaza. Wanaume wanane, wengine umri wa baba yangu, kutoka kwetu mpaka Tanga mjini, kila mmoja akafunga kinywa. Sijawahi kusikia hewa tupu namna ile. Nikaitumia kabla hawajazinduka. “Mtoto wa dresa wa Moa. Kifua kimembana tangu alfajiri. Dresa hayupo. Leteni daktari na gari. Asijibu mtu ila Tanga. Ova.”

Kisha ikaja sauti ya Tanga, mbali, kama mtu aliye chini ya kisima: “Nimesikia. Mtoto, si moto. Mtoto. Ova.”

Nikakaa chini sakafuni nikalia.

Naeleza ilivyokuwa kwa sababu Moa hadi leo husimuliwa kwamba niliwatukana wazee hewani. Sikumtukana mtu. Ningetaka kutukana ningetukana vizuri.

Mimi ni mzaliwa wa Usagara, Tanga. Baba alikuwa karani wa reli, na kwa ukaidi wake na machozi yangu nilisoma hadi darasa la kumi, bara huko, shule ya bweni. Nikaolewa na dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa, naye akapangiwa zahanati ya Moa, nami nikaja na makasha yangu mawili na vitabu vyangu. Mwanamke aliyesoma huku kwetu ni kama mtu mwenye kidole cha sita. Watu wanakitazama, hawasemi kitu, wala hawajui kina kazi gani.

Kazi nikaipata mwenyewe. Zahanati ilikuwa na simu ya upepo, kasha la chuma la rangi ya kijani linalokula betri ya lori. Mume wangu siku nyingi yuko juu ya baiskeli anazunguka vijijini na sanduku lake la dawa. Nani abaki na chombo? Nikakaa nacho mimi. Hakuna aliyeniruhusu, na hakuna aliyenikataza.

Mwanzo tulikuwa vituo vinne: Moa, mashamba ya chumvi, shamba la mkonge na Tanga. Mchana sauti ya Moa ilikuwa haifiki Tanga ila kwa bahati, hewa ikiwa tupu kabisa, kwa hiyo maneno yalipokezanwa. Moa huwaambia chumvi, chumvi huwaambia mkonge, mkonge huwaambia Tanga. Kwenye chumvi alikuwepo karani mzee, mtu wa adabu sana.

“Moa, mwanangu, mmeamkaje? Ova.”

“Shikamoo baba. Tumeamka salama. Ova.”

“Marahaba. Na mjukuu wangu? Ova.”

“Anakohoa kidogo. Ova.”

“Mpake mafuta ya nazi ya moto kifuani. Haya, lete maneno yako. Ova.”

Maneno yakaenda, na yakafika. Wimbi lilikuwa moja tu kwa wote, na kifaa chenyewe hakiwezi kusema na kusikia kwa wakati mmoja, ukibonyeza kitufe umekuwa kiziwi. Lakini watu wanne wanaweza kusikilizana hata barazani.

Kisha wakubwa wa Tanga wakaona jambo limefaulu, wakaongeza. Misheni wakapewa, forodha wakapewa, shamba la minazi likapewa, na mashamba mengine mawili ya mkonge. Tukawa tisa. Karibu wote wanasikilizana, wote juu ya wimbi lile lile. Wakubwa walifikiri hivi: wakiwa wengi wa kupokezana, neno halitapotea, litafika upesi zaidi. Ukiyasikia hivyo, ni jambo la akili. Hawakuona kwamba kila sikio waliloliongeza lilikuja na mdomo wake.

Pamoja na vyombo vipya ikaja karatasi ya kubandika ukutani, imepigwa taipu kwa Kiswahili, ina kanuni saba. Ya tano ilisema: Ujumbe wa dharura ukisikika, urudiwe mara moja.

Nitaomba msomaji aisome tena.

Wewe umeelewaje? Karani wa mkonge alielewa: urudiwe papo hapo, bila kuchelewa. Misheni walielewa hivyo, forodha vile vile. Mzee wa chumvi naye. Mume wangu pia. Basi Moa akisema neno la dharura, akiachia kitufe tu, wote waliomsikia wanabonyeza vyao kwa pamoja, kila mmoja anataka asionekane mzembe. Wote wanasema, hakuna anayesikia. Uliwahi kuingia chuoni kwa maalim wakati kila mtoto yuko kwenye sura yake na kila mmoja anapaza? Ndivyo. Tofauti ni kwamba maalim anamjua kila mtoto amekosea wapi. Tanga hawakujua lolote. Walisikia kelele kama mchele unaomwagwa kwenye sinia, na ndani ya kelele vipande vya maneno. Tena aliyesikia marudio ya mwenzake naye anayarudia, kwa kuwa kwake huo ni ujumbe na kanuni ni kanuni. Neno moja lilizunguka kwetu mpaka linachoka.

Zamani kidogo tulicheka. Mume wangu aliagiza dawa ya macho, tukaletewa dawa ya mchwa. Akaiweka juu ya kabati, akasema, “Basi wenye mchwa machoni waje.” Nilicheka mimi pia. Sikujua ninacheka nini.

Sasa kijitabu cha Kiingereza kilichokuja ndani ya kasha, ambacho hakuna aliyekifungua ila mimi, kilisema jambo jingine. Kilisema ujumbe urudiwe kwa mara moja tu, usizidishwe. Hesabu, si haraka! Aliyetafsiri hakukosea Kiswahili, maana ‘mara moja’ ni hiyo na ni hiyo. Alikosea watu. Mwambie karani wa pwani, mwenye kuogopa kazi yake, neno lenye maana ya hesabu na maana ya haraka, atashika ya haraka. Nilimwambia mume wangu. Akasema, “Mke wangu, hiyo karatasi imetoka juu.” Nikanyamaza. Hilo nalo najilaumu.

Siku yenyewe mtoto alianza kuhema alfajiri. Mume wangu alikuwa ameondoka jana yake. Mama mkwe alimpaka mafuta, akamsomea, akamfukizia. Nami nikampa dawa ya maji ambayo mume wangu humpa, kijiko kimoja, kisha nikaogopa kumpa cha pili kwa kuwa sikujua kinafanya nini. Darasa la kumi hawafundishi hilo. Jua lilipopanda alikuwa halii tena. Mtoto anayelia unajua ana pumzi ya kulilia. Huyu alikuwa akinitazama tu, macho makubwa, kama ananiuliza kitu na anasubiri kwa adabu.

Nikawasha chombo. “Dharura, dharura. Mtoto, Moa, kifua. Gari na daktari. Ova.”

Mchele kwenye sinia.

Nikangoja. Nikarudia. Mchele. Mara ya tatu nikamsikia mzee wa chumvi akianza, “Moa anasema mto—” na hapo misheni wakamkanyaga, na mkonge wakawakanyaga misheni. Mara ya nne, ya tano. Na kulikuwa na balaa jingine ambalo siku ile sikulijua: shamba la minazi hawakunisikia kabisa, wako nyuma ya kilima. Wao walikuwa wanamsikia mzee wa chumvi peke yake. Kwa hiyo nilipokuwa ninasema na mzee, wao waliona hewa iko tupu, wakamwita kumwuliza habari za magunia. Sauti zetu zikagongana masikioni mwake. Hakupata magunia wala mtoto.

Mama mkwe alikuwa mlangoni na tasbihi yake. “Wamesemaje?”

“Hawajasema, mama.”

“Hao watu wanane wote?”

“Wanasema wote, mama, ndiyo maana hawajasema.”

Kisha ghafla Tanga ikatoka wazi: “Vituo vyote, vituo vyote. Tumepokea: moto Moa. Mkonge peleka lori na watu. Wengine acheni wimbi. Ova.”

Mtoto, moto. Herufi moja ilikuwa imeliwa njiani. Na kwa kuwa hilo nalo lilikuwa ujumbe wa dharura, wote wakalirudia mara moja. Moto Moa, moto Moa, moto, moto. Misheni wanauliza ni nyumba au ni msitu. Forodha wanauliza bohari limepona? Nami katikati nabonyeza, nasema si moto, na si moto yangu inakanyagwa mpaka unabaki moto. Ndipo karani wa mkonge, kwa wema wake wote, akaniambia nimpishe.

Hayo mengine nimeshayasema.

Lori la mkonge lilikuwa limekwisha kuondoka. Likafika kwetu limejaa wanaume wenye madebe ya maji na majembe, na nusu ya maji yamemwagika njiani. Wakaruka chini wakitafuta moshi. Majirani wamesimama wanawatazama. Mmoja, kijana wa Kidigo mwenye meno mazuri, akanijia na debe lake.

“Mama, tumekuja kuzima. Tuzime nini?”

“Zima mdomo wako, unipandishe garini.”

Akanitazama, akamtazama mtoto, uso ukambadilika. Akamwaga debe lote pale pale, akanishika mkono. Wenzake wakatandaza magunia nyuma ya lori ili lisiturushe. Tulikwenda hivyo, mimi, mama mkwe na wazima moto kumi na wawili, wote kimya. Dereva alipopita shimo wakamkaripia kama mtu mmoja. Katikati ya safari tukakutana na gari la hospitali. Daktari akamsikiliza kifuani pale pale kando ya barabara, akamchoma sindano, akaniuliza tangu saa ngapi. Nikamwambia. Akasema, “Ungeita mapema zaidi.”

Sikumjibu. Hadi leo namjibu, usiku na mchana, na kila mara jibu linakuwa refu zaidi.

Tulikaa wodini siku kumi. Nilijifunza kuhesabu pumzi. Hata nikisinzia mkono wangu ulikuwa kifuani pake, na ukihesabu. Mtoto alipona, alhamdulillahi, lakini ndani ya kifua palibaki filimbi ndogo ambayo daktari alisema itarudi na mvua. Itarudi. Alisema kwa utulivu kama mtu anayetaja saa ya treni.

Ilikuwa pale wodini, mama mkwe anavuta tasbihi na mimi nahesabu pumzi, nikaona kwamba hatuendi sawa. Yeye anafika thelathini na tatu mimi niko kumi na tano. Nikawaza: kama kila kituo kingekuwa na hesabu yake. Neno la dharura likisikika, asirudie mtu papo hapo. Chumvi ahesabu subhanallah tatu kisha arudie. Mkonge ahesabu sita. Misheni tisa, wahesabu kwa namna yao. Na anayengoja asikilize. Akimsikia mwenzake ameshalisema neno lile lile, alimeze lake, kazi imekwisha fanywa. Haina haja watu wanane wabebe mtungi mmoja.

Na lile la shamba la minazi, dawa yake tunayo tangu utoto. Huingii nyumba ya mtu bila hodi. Unasema “Hodi, chumvi,” unangoja. Chumvi akijibu “Karibu, Moa,” basi si mimi peke yangu ninayesikia. Hata aliye nyuma ya kilima, asiyenisikia mimi, amemsikia mwenye nyumba akikaribisha mgeni, ajue ukumbi una mtu. Anyamaze mpaka mgeni atoke.

Tuliporudi Moa tulijaribu. Nilimweleza mzee wa chumvi, akacheka mpaka akakohoa. “Binti, umetuwekea adabu hewani!” Lakini akakubali, na karani wa mkonge kwa aibu yake akakubali, na wengine wakafuata ili wasiwe nyuma. Kwa siku nne nilipita hewani kila asubuhi na ujumbe wa kujaribu, maneno magumu nimeyachagua makusudi. Mtoto, moto, mtoro, mkoko. Yote yalifika Tanga kama yalivyotoka.

Siku ya tano ikaja barua. Haikuandikwa kwangu, iliandikwa kwa mume wangu. Ilisema mtu asiye na ruhusa ametumia chombo cha serikali kwa lugha isiyo ya heshima, na kwamba vituo vimeonekana vikichelewa kurudia ujumbe, kinyume cha kanuni ya tano. Ujumbe urudiwe mara moja. Walikuwa wamepiga mstari chini yake.

Wote wakarudi kwenye mchele. Mzee wa chumvi alinifikia mara moja tu, kwa sauti ya chini, “Nisamehe mwanangu, nina miaka miwili nipate kustaafu. Ova.”

“Yaache,” mume wangu aliniambia. “Nitahamishwa.”

“Uhamishwe. Na akibanwa kifua kabla hujahamishwa?”

“Hujui kama atabanwa.”

“Daktari amesema na mvua. Wewe ni dresa. Niambie hatabanwa.”

Alichukua taa akaenda kumtazama mtoto, akakaa huko sana. Asubuhi akanipa ule wino mzuri wa zahanati.

Nikapanda basi kwenda Tanga, mtoto mgongoni. Pale ofisini karani wa dirishani, kijana wa miwani, akaipokea bahasha bila kuinua kichwa.

“Maombi?”

“Malalamiko.”

“Ya mumeo?”

“Yangu.”

Akainua kichwa. “Bibie, wewe huna kituo. Mlalamikaji lazima awe na kituo.”

“Nina mtoto. Andika kwenye daftari lako ‘imepokelewa’, gonga muhuri, nami nitazame.”

Akagonga. Nakala ninayo, na haya ndiyo niliyoandika:

Kwa Bwana Mkubwa wa Simu za Upepo, Tanga.

Mimi ni mke wa dresa wa Moa, na sauti mliyoilalamikia ni yangu, si ya mume wangu. Nilitumia chombo bila ruhusa. Hilo nalikubali, mnihukumu mimi.

Nalalamikia kanuni ya tano ya karatasi yenu. Mmeandika ‘mara moja’. Kijitabu chenu cha Kiingereza kinataka ujumbe usirudiwe zaidi ya mara moja. Karatasi yenu imewafanya makarani wote waseme kwa pamoja. Siku ya dharura yangu niliita kwa karibu saa nzima nisisikike, na neno lililofika kwenu halikuwa nililolisema. Mwanangu alipata sindano yake kwa kuchelewa kwa sababu ya utiifu wa makarani wenu, si kwa sababu ya uzembe wao. Naomba asiadhibiwe hata mmoja.

Naomba kanuni iandikwe upya hivi: Kila kituo kipewe hesabu yake ya kungoja, zisilingane. Kituo kikisikia dharura, kingoje hesabu yake na kisikilize. Kikisikia mwingine ameshairudia, kisiirudie. Tena kabla ya ujumbe wowote kituo kibishe hodi kwa kile kinachoitwa, na wote wanaosikia kikikaribisha wanyamaze. Tumeijaribu siku nne. Daftari zenu wenyewe zitaonyesha hakuna neno lililopotea siku hizo.

Masika yamekaribia. Mvua ikishika, barabara ya Moa hukatika na lori halipiti, hubaki boti ya kutoka kwenu, nayo huchukua saa nyingi. Kifua cha mwanangu kitabana na mvua ya kwanza, daktari wenu ameniambia. Karatasi mpya naomba ziwe zimebandikwa vituoni kabla ya siku hiyo, kwa maana nitaita, na sitakuwa na saa nzima ya kuitia.